Pikipiki Kuukuu na Mshahara wa Mfanyakazi



Yako mambo ambayo watu hudhani hayahusu chama cha wafanyakazi, nasi twasema yanahusu sana. Mojawapo ni pikipiki. Simama langoni saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku inapotoka na ya asubuhi inapoingia, utaziona zimeegemezwa ukutani: moja siti yake imefungwa kwa mpira wa tyubu, nyingine haina kioo, nyingine tangi lake limepigwa rangi mara tatu. Wenye pikipiki hizo si watu wa anasa. Ni dereva wa treni, mtu wa pointi, mlinzi wa geti la reli, mtu wa gengi, karani wa mizigo. Zamu zao huanza kabla ya matatu ya kwanza na kwisha baada ya ile ya mwisho. Siku pikipiki ikikataa kuwaka, mwenyewe huandikwa kuwa amechelewa, na mwisho wa mwezi huona pengo katika mshahara wake. Basi hapo jambo hili limekuwa la chama.

Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, vyombo hivi vimejaa nchini. Nyingi zilizonunuliwa na ndugu zetu sasa ni kuukuu. Na mara pikipiki ikianza kutoa moshi, mwanachama huambiwa na muuzaji kwamba hiyo imekwisha, achukue mpya kwa mkopo, alipe kidogo kidogo kila siku. Neno hilo "kidogo kidogo" ndilo linalotutia hofu. Ndugu, chukua penseli. Ukitozwa Shs. 400 kila siku kwa muda wa miezi 18, hizo ni siku 540, na jumla yake ni Shs. 216,000, bila kuhesabu pesa ulizotanguliza. Kisha uliza bei ya pikipiki hiyo hiyo kwa pesa taslimu, utoe moja katika nyingine, uone ni mshahara wa miezi mingapi unaompa mtu kwa sababu tu umekosa subira. Hatusemi mkopo ni haramu. Twasema kabla ya kutia sahihi, ikague kwanza ile uliyo nayo.

Wengi hutazama saa ya kilomita na kukata tamaa. Saa hiyo si shahidi wa kuaminika. Kebo yake hukatika, na mtu huenda miaka miwili bila kuibadilisha, kwa hiyo pikipiki yaonyesha kilomita 38,000 na huku imekwenda mara mbili yake. Nyingine imefika 99,999 ikarudi sifuri. Sisi wa reli twajua kwamba behewa halihukumiwi kwa umri. Hukaguliwa. Mkaguzi wa zamani alitembea kandokando ya treni na nyundo yake, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima lilia kama kengele, na lenye ufa lilia kama sufuria iliyopasuka. Fanya vivyo hivyo na spoki zako. Simamisha pikipiki kwa dabo stendi, zungusha gurudumu polepole, gonga kila spoki kwa spana ndogo. Zilizokaza zitalia kwa sauti moja, na iliyolegea itajulisha yenyewe. Kazi hiyo haihitaji fundi wala pesa, na spoki moja iliyolegea ikiachwa huwachosha wenzake mpaka rimu ipinde.

Injini nayo husema. Moshi mweupe mwepesi wakati wa baridi ya asubuhi, ukatoweka injini ikipata joto, usikutie wasiwasi. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, basi tazama filta ya hewa kwanza, kwa kuwa katika vumbi letu huziba upesi kuliko yanavyosema maandishi ya kiwandani. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua. Ukitoka unapowasha tu, au unapoachia mafuta katika mteremko, mara nyingi ni sili za valvu, jambo dogo. Ukitoka kila unapovuta mafuta, shuku ringi. Upo ujanja wa zamani wa kupima: toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, rudisha plagi, kisha sukuma kiki kwa mkono. Kiki ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa, ringi zimechoka. Isipobadilika, kagua valvu. Na hata kama ni ringi, injini haijafa. Silinda nyingi za pikipiki hizi huchongwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi kwa 0.25 au 0.50 mm. Kuchonga si kazi ya nyumbani, lakini kuitoa silinda na kuirudisha ni kazi unayoweza, na utamlipa mwenye mashine kwa mashine yake peke yake.

Juu ya valvu twataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo injini nyingi nzima zinapouawa na wenye nia njema. Mtu akisikia tap-tap juu ya injini huenda kwa fundi na kumwambia, nyamazisha kelele hiyo. Fundi hukaza skrubu mpaka pawe kimya, mteja hufurahi, na baada ya majuma machache valvu ya ekzosi imeungua, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka, na valvu iliyobanwa haikai tena katika kiti chake, moto ukapita pembeni. Valvu inayolia kidogo yaweza kuishi. Inayonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopwa. Nafasi yake hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu katika kipigo cha kushindilia, alama ya T ikisimama penye mstari wake, kwa kile kipimo cha vibati vyembamba ambacho mafundi huita fila geji. Katika injini hizi ndogo nafasi huwa karibu 0.05 mpaka 0.10 mm, nayo ya ekzosi huwa kubwa kuliko ya kuingiza hewa, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Vibati hivyo vyauzwa kwa bei nafuu kuliko gasketi moja ya silinda.

Oili ndiyo chakula chake. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, na lita hiyo hiyo yalainisha pistoni, gia na klachi. Kwa hiyo usitie oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi itateleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Kwa injini kuukuu ifanyayo kazi kila siku, sisi twaona si vema kupita kilomita 2,000 bila kubadilisha. Mwaga ikiwa moto, safisha chujio, na upitishe sumaku katika oili uliyomwaga. Vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande vyenye makali si vya kawaida. Oili chafu usiimwage katika mtaro wa nyumba zetu, ambako watoto hucheza. Itie katika dumu.

Cheni wengi huitazama ikilegea tu, wakaivuta, ikalegea tena, wakaivuta, mpaka imeisha na kula sproketi zote mbili. Sisi tulio na desturi ya kupima reli kwa geji, milimita 1,000 katika njia ya zamani na 1,435 katika njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, mbona tuikadirie cheni kwa macho? Cheni ya kawaida ya pikipiki hizi, ile ya 428, viungo 20 vyake vikivutwa vikanyooka ni milimita 254 ikiwa mpya. Ukipata 259, cheni hiyo imekwisha, nawe ubadilishe vyote vitatu pamoja, cheni na sproketi zake mbili. Atiaye cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka amenunua cheni ya muda mfupi.

Sasa tuje kwenye kuboresha, na hapa tutawaudhi vijana. Tumeona pikipiki ina redio, ina taa za rangi kama duka la Krismasi, ekzosi imekatwa ili ingurume, na breki za nyuma zimebaki chuma juu ya chuma. Huko si kuboresha. Chombo kinachoweza kwenda na hakiwezi kusimama ni hatari, na kila mtu wa reli ajua kwamba treni haiondoki mpaka breki zijaribiwe. Shilingi ya kwanza ya kuboresha iende kwenye breki shuu na kebo zake, ya pili kwenye tairi. Unapofungua breki usipulize vumbi lake kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, mapafu hayana spea.

Shilingi ya tatu iende kwenye beringi za usukani. Pikipiki nyingi zilitoka kiwandani na gololi ndogo ndogo shingoni, nazo huchimba vishimo, na usukani ukawa unashika katikati kama uliotiwa kufuli. Zipo beringi za rola za koni zinazoingia mahali pale pale, na hudumu zaidi. Reli nayo ilipita njia hiyo. Mabehewa ya zamani yalitembea juu ya beringi za kulala, zilizolainishwa kwa nyuzi zilizoloweshwa oili, na oili ikikauka ekseli ilishika moto safarini. Rola ndizo zilizoondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo.

Ya nne ni taa, na hapa uwe na hadhari. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani taa kubwa hulishwa moja kwa moja na koili za injini, haipiti kwenye betri. Ukitia balbu ya LED iliyotengenezwa kwa umeme wa betri itapepesa au itaungua. Ama ununue inayokubali umeme wa namna hiyo, ama nyaya zibadilishwe na mtu anayejua. Balbu ya kawaida ni wati 35, na umeme unaotengenezwa na injini ni kidogo, kwa hiyo kila taa unayoongeza yapunguza kitu mahali pengine. Pima betri: ikipumzika imejaa huonyesha kama volti 12.6, na injini ikivutwa kidogo ionyeshe kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita hapo, regyuleta imeharibika nayo itachemsha betri. Na kila waya mpya upitie kwenye fyuzi.

Spea nunua kwa uangalifu. Ipo sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haisimami nawe kaunta. Ukienda Kirinyaga Road, ambako wazee bado huita Grogan, chukua kile kilichoharibika mkononi, ulinganishe uzito na meno, uombe risiti.

Liko neno jingine, nalo twalisema kwa wazi. Spana za karakana ni za karakana. Oili ya karakana ni ya karakana. Mwanachama akikamatwa langoni na chupa ya oili ndani ya mfuko wa chakula, afisa wa chama atakwenda kumtetea, kwa maana ni wajibu wake, lakini atasema nini? Tusiwape wakubwa silaha kwa ajili ya lita moja.

Na wakubwa nao wasisome ukurasa huu wakadhani tumewasamehe deni. Mfanyakazi anayeitwa kazini saa nane usiku anastahili kuletwa na kurudishwa kwa gari la mwajiri. Dai hilo tumelitoa, nasi hatukulifuta. Tunapofundishana kutunza pikipiki zetu si kwamba tumekubali kuwa usafiri wa usiku ni mzigo wa mfanyakazi. Ni kwamba dai laweza kuchukua miaka, na zamu ni kesho.

Kwa hiyo twatoa pendekezo hili lijadiliwe katika matawi. Kila tawi litenge katika fedha zake kiasi cha kununua seti moja ya spana, kipimo cha vibati, mita ya volti na kifaa cha kuvutia magurudumu ya sumaku, vyote viandikwe katika daftari na kutunzwa na mtu mmoja, na mwanachama avichukue kwa sahihi Jumamosi na kuvirudisha Jumatatu. Mafundi wetu wa injini wanaokubali kukaa saa mbili na wenzao Jumamosi ya mwisho wa mwezi wampe jina katibu wa tawi. Dada zetu wa ofisini na wa tiketi wenye pikipiki nao waje, maana wao ndio hutozwa zaidi na mafundi. Kila mtu aje na helmeti yake, pikipiki yake, na kitabu chake kama bado anacho. Wasio na vitabu waandike aina na mwaka wa pikipiki, tuone ni nani katika tawi aliye nacho ili vipimo vinakiliwe na kubandikwa ubaoni.