Fishi inasema "anakataa penisilini": tuulize tena



Wiki hii tunarudia swali ambalo mama mwenzetu alileta kwenye mkutano. Mtoto wake wa miaka tisa alishikwa na homa, kikohozi na kupumua mbio mbio. Kwenye kituo cha afya wakaona ni numonia, wakatoa amoksisilini. Mama akaonyesha fishi ya zamani, yenye maneno ya wino mwekundu: "Anakataa penisilini." Muuguzi akarudisha dawa kwenye kabati. Dawa nyingine haikuwepo pale. Mama akazunguka famasi tatu, na pesa yake ya likelemba ikaishia huko. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mama akatuuliza: "Maneno haya yaliandikwa kwa sababu gani?"

Tukakaa naye, tukakumbuka. Mtoto alikuwa na miaka miwili, ana homa na mafua, akapewa amoksi ya maji. Siku ya nne vipele vidogo vikatokea tumboni na mgongoni. Hakuvimba, hakukosa pumzi, alikuwa anacheza. Vikaisha vyenyewe. Basi, ni hayo tu.

Wamama, hapa ndipo wengi tunakosea. Virusi vinavyoleta homa na mafua huweza pia kuleta vipele kwa watoto. Kama mtoto yuko kwenye dawa siku hizo, lawama inaangukia dawa. Kuhara kidogo au kichefuchefu ni usumbufu wa dawa. Haimaanishi mwili unaikataa. Tena, kama bibi au shangazi alikatazwa peni, hiyo peke yake si sababu ya kumnyima mtoto.

Huko Marekani, karibu mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kwamba anakataa penisilini. Wanapopimwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 wa hao wanaonekana wanaweza kuitumia. Hata kati ya wale ambao mwili uliikataa kweli, karibu 8 kati ya 10 hawana tena shida hiyo miaka 10 ikipita.

Kwa nini tusumbuke? Kwa sababu ampisilini na amoksisilini ni za ukoo mmoja na penisilini, na ukoo huo unatibu mengi kwa bei ndogo. Mtoto ambaye ugonjwa wa koo umemharibia moyo huhitaji sindano ya peni kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Na mama mwenye mimba akikutwa na kaswende, penisilini ndiyo dawa inayoaminika kumtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Mstari mmoja usio wa kweli kwenye fishi unaweza kumfungia mtu mlango huo.

Lakini tusidharau. Kuna watu ambao penisilini inaweza kuwaua. Dalili zenyewe ni hizi: dakika chache baada ya dawa, mara nyingi kabla ya saa moja kwisha, mabaka yanavimba na kuwasha, midomo, macho au ulimi vinavimba, kifua kinapiga filimbi, mtu anatapika au anazimia. Hapo ni kukimbia hospitali. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Hali nyingine huja siku kadhaa baadaye: malengelenge, ngozi kuambuka, vidonda mdomoni na machoni. Aliyepata hii ya pili asijaribiwe tena kamwe.

Kujua ukweli kunaanza na maswali. Muganga atauliza: Ilikuwa dawa gani? Miaka mingapi iliyopita? Ilionekana nini, na baada ya muda gani? Ulitibiwa namna gani? Je, umeinywa tena baadaye bila shida? Akiona hatari ni ndogo, anaweza kutoa dozi ya amoksi palepale hospitalini, na kumwangalia mgonjwa, adrenalini ikiwa karibu. Akiona hatari ni kubwa, atakataa, au atamtuma mgonjwa kwa mabingwa wanaopima kwanza kwenye ngozi.

Wamama, tusijaribu nyumbani, hata kipande kidogo cha kidonge. Tusijaribu famasini pia.

Mama mwenzetu alingoja mtoto apone kabisa, akampeleka hospitali kubwa. Aliulizwa yote hayo. Mtoto akanywa dozi, wakakaa kwenye benchi wakingoja. Hakuna kilichotokea, ila mtoto kulalamika njaa. Muganga akafuta mstari mwekundu, akaandika mpya, akatia sahihi na tarehe. Mama akapitia na kituo cha afya ili hata pale warekebishe. Fishi moja ikibaki na maneno ya zamani, kazi inaanza upya.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete fishi za nyumbani, zake na za watoto. Tutazisoma pamoja. Ukikuta mstari kama ule, usiufute mwenyewe. Andika pembeni unayokumbuka, halafu umpelekee muganga. Na mtoto akitokwa na vipele leo akiwa kwenye dawa, mwonyeshe muuguzi siku hiyohiyo, na uandike jina la dawa, tarehe na saa. Miaka kumi ijayo hutakumbuka tena.

Tuko pamoja.