Kupandanisha si Kurundika

Fundi anayeezeka nyumba Butere hupandanisha mabati: ukingo wa bati la juu huulalia ule wa bati la chini, maji ya mvua yakateremka bila kupenya. Mabati hayohayo yakiwa bado uani yamerundikwa, hakuna ajaliye lipi limelala wapi. Vitenzi hivi viwili, basi, havibadilishani nafasi. Hata hivyo, katika insha nyingi za wanafunzi wa Kiswahili, kila kilicho juu ya kingine "kimerundikwa".

Umbo lenyewe linafichua maana. Mzizi ni -pand-; -an- inaleta utendano, -ish- inaleta usababishi: kufanya vitu vipandane. Labda kinachotatiza ni homonimia. Miwa ya Butere hupandwa ardhini. Ikishakatwa hupandanishwa juu ya trela, na hapo ni panda ya kukwea, si ya kilimo.

Wengine hukimbilia "panga". Kitenzi hicho ni kipana mno, kwani hata viti hupangwa bila kimoja kukigusa kingine. Matofali ya kuchomwa hupandanishwa kwa mianya ili moto upenye. Yakirundikwa, mengine hubaki mabichi. "Kuweka tabaka kwa tabaka" ni sahihi, ila ni maneno manne pale ambapo moja linatosha.

Mhakiki naye asemaye kwamba mshairi "amerundika" taswira, ilhali zimejengana beti kwa beti, amemlaumu akidhani anamsifu.