Historia ya Utumwa Ieleweke Kwanza

Mtoto wa mkulima wa Bariadi aingiapo kidato cha kwanza hutwishwa mizigo miwili kwa pamoja. Nyumbani amezungumza Kisukuma. Katika shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 1967 ndiyo ya kufundishia katika shule hizo za Serikali. Sasa aambiwa ajifunze Kiingereza, na papo hapo ajifunze masomo karibu yote kwa Kiingereza hichohicho ambacho bado hajakijua. Miongoni mwa masomo hayo imo habari ya Waafrika waliokamatwa na kuvushwa Bahari ya Atlantiki kwa nguvu. Habari hiyo ni nzito kupita nyingi. Twaona yafaa kuuliza: je, yamfikia mtoto huyu, au yaishia ubaoni?

Mwalimu huandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya biashara ya pembe tatu. Mwanafunzi huyanakili, akayakariri, na siku ya mtihani akayarudisha kama alivyopewa. Alama huenda akapata. Lakini mtu akimwuliza kwa Kiswahili ni nani aliyeuza, ni nani aliyenunua, na bidhaa yenyewe ilikuwa nini, huenda akanyamaza. Pembe tatu azijua kutoka katika hesabu. Kwamba katika upande mmoja wa pembe hizo walipakiwa watu kama baba na mama yake, hilo hakuambiwa kwa lugha aielewayo.

Na watu hao hawakuwa wachache. Wataalamu waliokusanya kumbukumbu za safari za merikebu wakadiria kwamba, kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki. Walioshuka wakiwa hai ni kama milioni 10.7. Waliobaki, karibu milioni mbili, walikufa njiani. Karibu nusu ya waliofika walipelekwa Brazili, nchi iliyofuta utumwa mwaka 1888, nyuma ya nchi nyingine zote za Amerika. Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Afrika Magharibi peke yake. Kutoka Msumbiji watu walipelekwa Brazili. Na hapa kwetu, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Kifaransa katika Bahari ya Hindi.

Ugumu wa lugha hauko katika msamiati peke yake. Hata neno jepesi laweza kupoteza. Mtoto akitafuta katika kamusi neno la Kiingereza, atapata neno mtumwa. Na mtumwa, kwa asili yake, ni mtu aliyetumwa. Lakini yule aliyefungwa minyororo katika tumbo la merikebu hakutumwa na mtu; alitekwa, akauzwa. Vivyo hivyo neno biashara. Sokoni Bariadi, biashara ni mapatano ya watu wawili, kila mmoja akiwa na hiari yake. Hapa aliyeuzwa hakuulizwa. Mwalimu asipopata nafasi ya kuyachambua maneno haya kwa lugha ambayo darasa lote laijua, mwanafunzi atabaki akidhani kwamba yalikuwa mauzo kama mauzo mengine.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mtoto wa Simiyu, kuliko wengi, anacho cha kumsaidia kuelewa. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba. Mtoto huyu ajua palizi. Ajua jinsi mgongo uumavyo wakati wa kuchuma, na ajua kwamba shamba la pamba hula mikono mingi. Basi aelezwe kwamba mwaka 1793 ilipatikana huko Marekani mashine ya kutenga nyuzi za pamba na mbegu zake, kazi iliyokuwa ikichukua muda mrefu kwa mkono. Na kwamba mashine hiyo, badala ya kuwapunguzia watumwa kazi, iliwafanya wenye mashamba watake watumwa zaidi. Mwaka 1790 watumwa wa nchi ile walikuwa kama laki saba; mwaka 1860 walikaribia milioni nne. Mtoto wa mkulima wa pamba hahitaji kukaririshwa sababu ya jambo hili. Ataiona mwenyewe.

Tena aelezwe habari ya merikani. Wazee wetu waliuita hivyo ule ujora mweupe kwa sababu ulitoka Marekani. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa nchi ile, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Kutoka pwani wapagazi waliichukua mabegani hadi Unyamwezi na nchi za ziwani, ikanunua pembe za ndovu, na mara nyingine ikanunua watu. Basi jasho la Mwafrika aliyetekwa upande mmoja wa bara lilisaidia kumnunua Mwafrika wa upande wa pili. Somo hili halimo mbali na Bariadi hata kidogo.

Wako watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na kwamba Kiingereza chahitajika duniani. Hatubishi. Lakini mtu hajifunzi lugha kwa kusema asiyoyaelewa. Akielewa jambo kwanza, maneno ya kigeni hupata mahali pa kukaa. Hoja hii si mpya: Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mtaala mpya uliotolewa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na hiyo ni hatua njema. Lakini somo la Historia lenye habari za Afrika na dunia limebaki katika Kiingereza, na humo ndimo imo habari ya Atlantiki. Mlango umefunguliwa nusu.

Kwa hiyo, wakati nusu ya pili ikingojewa, yako yawezayo kufanywa sasa. Mwalimu asionekane mkosaji anapoeleza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wajadiliane kwa lugha waijuayo, kisha waandike sentensi zao wenyewe kwa Kiingereza, hata zikiwa fupi, badala ya kunakili za kitabu. Vitabu viwe na orodha ya maneno magumu kwa Kiswahili. Na watunga mitihani wapime kama mtoto ameelewa sababu na matokeo, si kama amekariri tu.

Tena yafundishwe yote, bila kuficha. Yasemwe ya Wazungu walionunua. Yasemwe pia ya watawala wa Kiafrika waliouza, na ya soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873, na kwamba Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Yasemwe ya watumwa wa Haiti walioasi mwaka 1791, wakapata taifa lao mwaka 1804. Mtoto asiyesikia habari ya waliokataa aweza kutoka darasani na aibu isiyo yake.

Nanyi wazazi na wafanyakazi, kazi yenu ni nyepesi. Jioni mwulizeni mtoto, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, aeleze alichojifunza shuleni. Akiweza kueleza, amesoma. Akishindwa, msimlaumu yeye. Iulizeni shule, ulizeni katika vikao vya kamati yake, na msichoke kuuliza.