Kamera Juu ya Hadubini: Tuijue Kabla ya Kuichangia

Siku hizi kikundi cha parokia kikitaka kuisaidia maabara ya hospitali huuliza mara moja: tununue kamera ya dijitali ya rangi, ifungwe juu ya hadubini? Sisi wauguzi tunaowapokea wagonjwa wa kikohozi hapa Tabora tunajibu: inunueni, ila kwanza mjue kazi yake.

Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Kwa njia ya zamani makohozi hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, vijidudu vikaonekana vyekundu. Njia nyingine hutumia rangi iitwayo oramini: kioo kikimulikwa kwa mwanga wa buluu, vijidudu hung'aa kijani-manjano gizani, mfano wa vimulimuli usiku wa masika. Mtaalamu huona eneo kubwa kwa mara moja, humaliza upesi, na huvipata hata vile ambavyo njia ya zamani ingeviacha. Hapo kwanza hadubini hizi zilidai taa ya zebaki, ghali na ya kufa upesi. Taa za LED zimeondoa shida hiyo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuzitumia.

Sasa kamera. Mng'ao wa oramini hufifia. Kioo kikikaa mwangani ushahidi hupotea, na anayetaka kukikagua upya hulazimika kukitia rangi tena. Picha haififii. Tena picha husafiri. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi Novemba. Leo picha hutoka hapa ikafika pwani kwa dakika chache, mtaalamu wa Dar es Salaam akatoa maoni yake. Na kwa kufundishia vijana wa maabara hatuna ubishi kabisa.

Lakini kamera ya rangi ina udhaifu. Uso wake unaopokea mwanga umegawanyika katika vitone vingi mno, kila kimoja kimefunikwa na kichujio: nusu hupokea kijani tu, robo nyekundu, robo buluu. Mwanga mwingi hubaki nje, na hapa mwanga wenyewe ni haba. Kamera isiyo ya rangi hushika mwanga hafifu vizuri zaidi. Hata hivyo kwa oramini twaona ya rangi inafaa, maana kijani ndicho kilichopewa nusu, na takataka zenye mng'ao wa rangi nyingine hutambulika. Ila isiachwe ijipangie yenyewe! Italazimisha giza ling'ae, mandhari yageuke kijivu, na vijidudu hafifu vimezwe humo. Muda wa kupokea mwanga upangwe kwa mkono.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni hili. Picha moja huonyesha sehemu ndogo tu ya kioo. Mtaalamu hukisogeza, akapitia sehemu nyingi, ndipo athubutu kuandika "hakuna". Picha yaweza kuonyesha kwamba vijidudu vipo. Picha kumi safi haziwezi kuonyesha kwamba havipo. Mama wa Urambo au mchimbaji dhahabu wa Nzega akirudishwa kwa sababu ya picha, usiku huo atalala chumba kimoja na watoto wake. Hata kioo kizima chaweza kukosa vijidudu vikiwa vichache. Ndiyo sababu siku hizi kipimo cha kwanza kinachoshauriwa ni cha vinasaba, kama GeneXpert. Hadubini inabaki muhimu kwa kuwafuatilia walioanza dawa, kwa kuwa kipimo cha vinasaba huweza kuona hata vijidudu vilivyokwisha kufa.

Basi mkichangia, ianze hadubini yenye taa ya LED, umeme wa uhakika, na mafunzo ya msomaji wake. Kamera ifuate.

Nanyi nyumbani, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aje apimwe. Dawa za kifua kikuu ni bure. Alete makohozi yaliyotoka kifuani, si mate.