Kivuli Ndicho Mchoraji

Wengi wetu tumezoea kwamba picha lazima iwe ya mtu au ya shughuli fulani: harusi, mtoto, mgeni wa heshima. Lakini iko pia picha ya rangi isiyo na mtu wala kitu cha kutajika, ila nuru na kivuli tu. Karatasi yake ni bapa, hata hivyo jicho huona humo matuta na mabonde. Kuijua sababu yake ni faida kwa kila mwenye nyumba.

Mtaa wa Kacyiru mjini Kigali una ofisi nyingi za serikali ya Rwanda, na ndipo ilipoanzishwa nyumba ya sanaa ya Inema mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Mwenye kamera anayezuru mji huo hakosi kukutana na imigongo, sanaa ya asili ya Gisaka, mashariki ya nchi. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa juu ya ubao kuwa matuta membamba, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sanaa hii ilikaribia kupotea baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994; wanawake waliojiunga katika ushirika ndio walioifufua.

Ukitaka kuipiga picha, sogea karibu hata kingo za ubao zisionekane, na uzime taa ya kamera. Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini ya ikweta. Ukuta unaotazama mashariki hupigwa na jua usoni asubuhi, na matuta hufifia. Kuelekea saa sita, jua huuteremkia kutoka juu, na kila tuta hutupa kivuli chake.

Sasa igeuze picha hiyo juu chini. Mara nyingi matuta yataonekana kuwa mifereji! Jicho limezoeshwa na jua kwamba nuru hutoka juu. Likiona kivuli upande wa juu, hudhani pana shimo.

Hapa hapana budi kuwa macho. Katika picha ya simu, ubao wa imigongo na nakala iliyochapwa huweza kufanana kabisa. Mnunuzi asipojihadhari, atalipia karatasi, na mama aliyefinyanga kwa mikono yake atakosa haki yake. Mwombe muuzaji picha mbili: moja nuru ikitoka kushoto, nyingine ikitoka kulia. Kivuli cha kweli huhama. Kilichochapwa hubaki palepale.

Nawe uliye nayo nyumbani, usiitundike mkabala na dirisha. Itundike kwenye ukuta wa ubavuni mwa dirisha, nuru iipitie kwa upande, nayo itabadilika mbele yako tangu asubuhi hata jioni.