Una Miaka 21, Unakazwa Ngozi ya Nini?

Wasee, tuongee hii maneno ya HIFU. Kila nikifungua simu kuna kliniki inawauzia wasichana wa chuo "kukaza uso bila kisu". Moja ilinitumia ofa: nije nifanyiwe bure, niposti. Nilikataa, na sababu ni hii.

Hiyo mashine inatumia mawimbi ya sauti, kama ile ya kumwangalia mtoto tumboni. Tofauti ni kwamba hapa mawimbi yanakusanywa yakutane kwa nukta moja ndani ya ngozi, vile kioo cha kukuza hukusanya jua mpaka karatasi ishike moto. Juu ya ngozi huoni kitu. Lakini milimita 3 au 4.5 chini, nukta hiyo inapikwa hadi digrii 60 na zaidi. Kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, zinajikunja kama nyama kwa sufuria. Mwili unaona umeumizwa, unaanza kujenga nyuzi mpya, na hiyo kazi huchukua miezi 2 au 3. Kwa hivyo picha za "kabla na baada" za siku hiyohiyo? Manze, huo ni uvimbe ama ni taa.

Sisemi haifanyi kazi. Marekani waliruhusu Ulthera mwaka wa 2009, kwa kuinua nyusi. Lakini ni ya mtu ambaye ngozi imeanza kulegea. Wewe wa miaka 21 unalipa uchomwe ndani ili mwili urekebishe kitu hakijaharibika.

Na kuharibika kunaweza. Joto likikosea mahali linaweza kumaliza mafuta ya mashavu, na hayo mashavu ndiyo yanafanya ukae mdogo! Likigusa neva, mdomo unaweza kwenda upande kwa wiki kadhaa. Halafu inauma, usidanganywe.

Wanapenda kusema inafaa ngozi nyeusi. Hapo ni ukweli, sauti haijali rangi vile leza hujali. Lakini hiyo haimaanishi uko salama mikononi mwa yeyote aliyenunua mashine.

Kama bado unataka kwenda, sawa, uso ni wako. Ila kabla hujalala kwa hiyo kitanda, uliza anayeshika mashine alisomea wapi, na leo anachoma milimita ngapi. Akikujibu na bei ya ofa ya Ijumaa, chukua kibeti chako utoke.