Ng'ombe Wanywe, Watoto Wasiugue

Nchi za baridi wafugaji huhangaika maji ya mifugo yasigande. Kwetu Tarime na Serengeti hayagandi. Kuanzia Juni hupungua, na yanayobaki lamboni ng'ombe huyakanyaga na kuyachafua. Jioni mtoto wetu huchota na kunywa hapo hapo. Siku chache baadaye sisi wauguzi tunampokea akiharisha, macho yamezama.

Kinga yake si ghali. Tuzungushie lambo uzio wa miiba, mifugo isiingie. Tuchote maji, tuinyweshee upande wa chini. Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu hutoa mahori mawili, ila lisiwe lililobeba sumu. Tuyaweke kivulini na kuyasugua kila wiki.

Ng'ombe mmoja aweza kunywa lita 30 na zaidi kwa siku. Kuchota kote huko kusiachiwe mama na binti. Baba na vijana nao washike ndoo.

Maji yetu ya kunywa bado tuyachemshe. Mtoto akiharisha, tumpe maji ya chumvichumvi na kumwahisha zahanati. Tusingoje kesho.